Sura ya Saba: Mguu wa Kulia

Miguu miwili ya ndege ilikuwa imelazwa uani mwa kituo juu ya magunia ya katani, na tangu asubuhi kila askari aliyepita alisimama kidogo, akaitazama, akaenda zake. Ilikuwa miguu mifupi na minene, ya chuma kilichopakwa rangi ya fedha, kila mmoja na gurudumu lake. Wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulikuwa umejikunja kwenye goti na hakuna aliyeweza kuunyoosha.

Inspekta Bakili alichuchumaa katikati yake, shati limemganda mgongoni. Hakuwa mtu wa ndege. Alikuwa amepanda ndege mara moja tu maishani, na njia nzima alifumba macho. Lakini kesho asubuhi jalada la fundi Benjamini lilitakiwa kufika kwa mwanasheria wa serikali, na likienda kama lilivyokuwa, Benjamini angeshtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Kosa hilo lina adhabu moja, na haihusu miaka.

Habari yenyewe ilijulikana Kariakoo nzima. Mzee Umakant, mwenye karakana Mtaa wa Mkunguni, alikuwa na ndege ndogo ya injini mbili iliyoundwa mara tu baada ya vita vya Hitla. Aliinunua ikiwa kuukuu, na tangu hapo ilizidi kuzeeka. Mwanawe, Chandu, ndiye aliyeirusha, akipeleka dawa na barua kusini. Wiki iliyopita Chandu alikuwa akirudi kutoka Nachingwea peke yake. Ndege iligusa ardhi vizuri, watu wa uwanjani wakaona vumbi kidogo, halafu ikapiga goti la kushoto, ikazunguka, ikaenda kujibamiza kwenye mtaro wa zege. Chandu alitolewa akiwa amekufa. Jioni ile ile Benjamini, fundi pekee aliyeruhusiwa kuigusa ndege hiyo, alikamatwa kwake Magomeni akiwa anakula.

Bakili alizitoa pini mbili kwenye bahasha. Kila mguu ulikuwa na pini moja, nene kiasi cha kidole gumba, ambayo kazi yake ni kuushika mguu usijikunje ukishashuka. Pini ya mguu wa kulia ilikuwa mpya, imepakwa grisi kwa uangalifu. Ya mguu wa kushoto ilikuwa imelika katikati kama kipande cha sabuni, kisha ikakatika.

Koplo Wilbert, msaidizi wake, alisimama kivulini na kalamu yake. Wilbert alikuwa amefundisha Kiswahili shule ya msingi kabla ya kuingia polisi. Upolisi aliuvaa, lakini ualimu hakuuvua. Maelezo ya mashahidi aliyoandika yeye yalisifiwa hadi makao makuu kwa sababu hayakuwa na kosa hata la mkato, na Bakili, ambaye mwandiko wake ulifanana na nyayo za kuku, alimwachia kazi hiyo kwa moyo mkunjufu.

Bakili alimwuliza swali lililokuwa likimkera tangu jana. Mtu anayetaka kuua, kwa nini ahangaike kuweka pini mpya?

"Ili aonekane amefanya kazi, Afande," alisema Wilbert. "Mzee Umakant alimwagiza abadilishe pini ya mguu mbovu. Yeye akaiweka kwenye mguu mzima, ule mbovu akauacha vile vile. Hata mimi ningetaka kuua ningefanya hivyo."

"Wewe ungeandika barua kwanza," alisema Bakili, akainuka, magoti yakamlia.

Ushahidi wa pili nao ulikuwa mzito. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa wafanyakazi wa karakana, Benjamini alisimama mbele ya Chandu akasema kwamba iko siku ndege ile itapiga magoti, na atakayekuwa ndani ndiye atakayesali. Zama hizo wafanyakazi walikuwa wamejifunza kusimama na kusema, na mabosi walikuwa bado hawajajifunza kusikiliza. Chandu alimsimamisha kazi bila mshahara mpaka alipoomba radhi. Watu watatu walisikia maneno yale, na wote watatu walikuwa wameyatia saini. Ndege imepiga goti kweli. Mbele ya hakimu, utabiri kama huo ni vigumu kuutofautisha na ahadi.

Kabla ya saa sita Bakili alikwenda mtaa wa Gerezani, kwenye vibanda vya mafundi chuma, kumwona Shomari aliyeikereza pini mpya. Kulikuwa na uvumi kwamba chuma kizuri kiliuzwa kichochoroni na badala yake ikachongwa pini ya nondo. Shomari aliichukua pini, akaipitishia tupa, tupa ikateleza bila kuuma. Chuma ni kile kile, alisema, kilitoka kwenye ndege nyingine iliyokufa zamani, na kilikuwa kipande kimoja kinachotosha pini moja. Ya pili isingepatikana hata kwa dawa; mwaka ule hata wembe ulikuwa wa kupanga foleni. Uvumi ukafa papo hapo. Jambo moja tu Shomari aliliongeza bila kuulizwa. Benjamini, aliyezoea kumtania mpaka kazi inachelewa, siku hiyo alisimama pale akisubiri kama mtu aliyetumwa chumvi, akachukua pini yake, akaondoka.

Bakili alirudi kituoni akiwa na pungufu ya alichoondoka nacho.

Nje ya lango alimkuta Selina, mke wa Benjamini, amekaa kwenye jiwe na bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Pembeni alikuwa na mfuko wa karatasi. Alisimama, akamwamkia, akauliza kama leo anaweza kumwachia mumewe shati safi. Bakili akamwambia asubiri. Alikuwa akimwambia hivyo kila siku, na kila siku mwanamke yule aliitika kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka.

Benjamini aliletwa kutoka mahabusu. Alikuwa mtu wa Masasi, mrefu, mabega yameanguka, mikono yake mikubwa ameilaza mapajani kama vifaa vya mtu mwingine. Aliulizwa maswali yale yale akatoa majibu yale yale. Ndiyo, yeye ndiye aliyeweka pini. Ndiyo, mguu wa kulia. Kwa sababu aliambiwa mguu wa kulia. Nani aliyemwambia? Mzee Umakant mwenyewe, mlangoni pa karakana, kwa mdomo wake.

Bakili alimsomea maelezo ya mzee: nilimwagiza abadilishe pini ya mguu mbovu. Akamwuliza kama mzee anasema uongo.

"Sijui anasema nini," alisema Benjamini. "Mimi nilisikia kulia."

"Na yale ya kupiga magoti?"

"Nilisema ili wanunue vipuri. Hawakununua. Nikaomba radhi, nikanyamaza."

Hakuna zaidi kilichotoka. Bakili alikuwa ameona watu wengi wakidai kuonewa, na wengi wao walilia, wakaapa, wakataja watoto wao. Huyu alikaa tu. Ingekuwa rahisi kumchukia kidogo, na ingekuwa rahisi zaidi kumhurumia, lakini Benjamini hakukupa pa kushika.

Alasiri Mzee Umakant alikuja kituoni kuchukua saa na funguo za mwanawe. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu visivyo na soksi. Alipita uani karibu na ile miguu miwili bila kugeuza kichwa. Wilbert alimwonyesha pa kutia saini, akatia, akaipokea saa, akaiweka mfukoni bila kuitazama kama inatembea.

Bakili akasema atamrudisha nyumbani kwa Landrova, maana kulikuwa na jambo alilotaka kumwuliza akiwa ametulia. Mzee hakukataa. Alikaa mbele pamoja na dereva, ambaye alikuwa kijana mgeni kutoka Singida na Kariakoo bado ilimpiga chenga. Bakili na Wilbert walikaa nyuma.

Mzee aliingia Dar es Salaam akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na karakanani. Kilimtosha kununua, kuuza, kukaripia na kusifu, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemdai zaidi. Wajukuu wa majirani walimwigiza akipita, naye aliwatishia kwa bakora bila hasira. Leo alimwongoza dereva bila kuinua mkono.

"Raiti hapa," alisema walipofika Msimbazi. Halafu, walipolipita boma la mabati lililozunguka soko jipya, ambako vibarua walikuwa wakipandisha ndoo za zege, akasema, "Lefti. Lefti tena, karibu na ile duka ya kanga."

Dereva alifuata na wakafika. Jengo lilikuwa la ghorofa mbili, karakana chini, nyumba juu. Mzee alilijenga mwenyewe na sasa alilipia kodi serikalini, maana majumba yalikuwa yamechukuliwa mwaka juzi. Jina lake bado lilisomeka juu ya mlango chini ya chokaa mpya.

Juu walipokewa na Vidya, mjane wa Chandu, aliyevaa sari nyeupe. Huyu alizaliwa mtaa wa pili kutoka pale na alisema Kiswahili kama mtoto mwingine yeyote wa Kariakoo. Aliwaomba radhi kwamba mikono yake ina unga. Majirani wanaleta chakula kila siku, lakini Baba hali chochote isipokuwa chapati zake. Mzee alipokwenda kunawa miguu, Vidya akasema kwa sauti ya chini kwamba anamwogopea.

"Tangu siku ile hajalia," alisema. "Hata pale mwili ulipotiwa motoni hakulia. Mimi nililia mpaka nikachoka, sasa sisikii kitu. Yeye hata hajaanza."

Picha ya Chandu ilikuwa ukutani na shada la maua ya manjano yaliyoanza kukauka. Wakakaa. Vidya akarudi kwenye sinia lake la unga pale pale sebuleni, maana jikoni palikuwa na joto. Wilbert akafungua karatasi zake juu ya goti.

Bakili alieleza alichotaka. Alisema hataki kujua mzee alimaanisha nini, wala anafikiri nini kuhusu Benjamini. Anataka maneno yenyewe aliyoyatamka siku ile mlangoni, moja baada ya jingine, kama yalivyotoka.

Mzee aliyaangalia magoti yake.

"Mimi sema, Benjamini, Chandu nakwenda Nachingwea. Ile mguu ya kulia, tia pini mpya. Yeye sema, ndiyo, mzee. Halafu yeye naweka ile ingine. Naua mtoto yangu."

Kalamu ya Wilbert ilikuwa ikikimbia. Bakili akainama kuangalia, na kwa mwandiko mzuri wa ubaoni akaona imeandikwa: Nilimwagiza abadilishe pini ya mguu mbovu.

"Umeandika nini?" aliuliza.

"Alichosema, Afande."

"Mimi nimesikia mguu wa kulia."

Wilbert akashusha kalamu. Hakuaibika, kwa sababu hakuona bado cha kuaibikia. Alieleza kwamba hata mara ya kwanza mzee alisema hivyo hivyo, ile mguu ya kulia, na yeye aliona kwamba huzuni imemchanganya upande, maana mguu uliovunjika kila mtu anajua ni wa kushoto. Akamwuliza, mzee, unamaanisha mguu mbovu? Mzee akasema ndiyo, ile mbovu. Basi akaandika mguu mbovu.

"Nilisafisha lugha tu, Afande. Ile mguu ya kulia haiwezi kwenda mahakamani."

Bakili alimgeukia mzee. Kwa hiyo Benjamini hakuongopa. Aliambiwa kulia, akaweka kulia. Lakini hapo kitu kikakataa kukaa sawa, kwa sababu mzee aliyesema kulia alikuwa amekaa mbele yake na bado anadai Benjamini ameweka pini pasipo penyewe. Wanaume wawili walikuwa wamerudia neno lile lile, na kila mmoja alimwona mwenzake mwongo.

"Mzee," alisema, "ulimwambia mguu wa kulia. Pini mpya iko kwenye mguu wa kulia."

"Hapana. Ile ya kulia ndiyo navunjika."

"Hebu nionyeshe kwa mkono wako. Mguu upi?"

Mzee Umakant aliinua mkono wa kushoto. Aliukunja ngumi, akaukunja na kiwiko, kama goti.

"Hii," alisema. "Hii ilikuwa nalia. Chandu nashusha, nalia kwiii. Kila safari nalia."

Bakili alikumbuka Landrova. Raiti hapa. Lefti tena. Njia nzima, kutoka kituoni mpaka mlangoni, mzee hakuwa ametamka kulia wala kushoto hata mara moja, kwa sababu hayo hayakuwa maneno yake ya njia. Pande zake alizichukua kwa Waingereza pamoja na spana na jeki. Kulia, kwake, hakukuwa upande wowote. Kulia kulikuwa kulia, kwa mtoto, kwa bawaba na kwa chuma kisicho na grisi. Mtu mwingine angesema mguu unaolia. Mzee hakuwa na neno hilo ulimini, akasema ile mguu ya kulia, na Kiswahili, kwa ubaya wake siku hiyo, kikamkubalia.

Vidya alikuwa ameacha kukanda. Alisema bila kumtazama mtu kwamba Chandu alilitaja jambo hilo mezani, usiku wa kuamkia siku Baba alipozungumza na fundi. Alisema kwa Kigujarati, *dabo pag rade chhe*, mguu wa kushoto unalia. Baba akasema atamwambia Benjamini.

"Alikwambia wa kushoto," Bakili alimwambia mzee. "Kwa nini hukusema lefti?"

Mzee alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Moja tu ilikuwa nalia," alisema. "Nasema lefti ya nini?"

Lilikuwa jibu la haki. Bakili hakuona la kulitia kasoro. Alianza kumweleza, akaona maneno yake yanazunguka, akaacha. Mzee akamgeukia mkwewe na kumwuliza kitu kifupi kwa lugha yao. Bakili hakuelewa ila neno moja, kulia, lililokaa katikati ya mengine kama kokoto kwenye mchele.

Vidya aliinua mkono wake wa kulia, umejaa unga mpaka kwenye kifundo, akaushikilia hapo.

"Ndiyo maana yake, Baba," alisema hatimaye kwa Kiswahili, labda kwa ajili ya askari, labda kwa sababu kwa lugha yao hakuweza. "Mkono wa kulia chakula. Hata sisi tunauita hivyo hivyo, *jamno*, mkono wa kulia chakula. Mkono wao wa kulia ni huu."

Mzee Umakant aliutazama mkono ule. Aliutazama kwa muda mrefu, mpaka Vidya akaushusha ndani ya sinia. Uso wa mzee haukubadilika. Bakili, aliyekuwa amefumbua mafumbo mengi na kila mara akaona raha yake, alitazamia kufurahi. Hakufurahi wala hakuhuzunika. Moyo ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi. Alijua upo, lakini haukuwa na habari naye.

"Benjamini sikia sawa?" mzee aliuliza.

"Alisikia sawa."

"Na mimi sema sawa?"

"Ulisema unavyosema siku zote, mzee."

"Basi nani naua Chandu?"

Chini karakanani mtu alikuwa akigonga bati, akaacha, akaanza tena.

Bakili alimwambia Wilbert achukue karatasi mpya na aandike kila neno kama lilivyotamkwa, na asiliguse. Wilbert aliandika. Ilimwuma waziwazi kuandika ile mguu, akasimama kidogo kabla ya kila neno ile, lakini aliandika. Mzee aliwekewa karatasi mbele akatia saini bila kusomewa. Wakaaga. Kwenye ngazi Bakili alichelewesha hatua akitega sikio, maana alidhani sasa ndipo mzee angelia. Juu hakukusikika kitu isipokuwa unga ukikandwa.

Njiani walilipita soko. Ndipo Wilbert aliposema, kwa sauti ya mtu anayesoma kaburini, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Bakili alimwambia kwamba mzee hakujikwaa. Aliyejikwaa ni yule aliyelifuta neno, na kama lingeachwa lilivyo, mtu angeliuliza siku ya kwanza, na mwanamke wa watu asingekaa kwenye jiwe juma zima. Wilbert akatazama nje. Alikuwa mtu mwema, na sasa alikuwa na cha kuaibikia.

Selina alikuwa bado langoni. Bakili alimwambia kwamba mambo yamepata njia, kwamba jalada la kesho halitakuwa lile lililokuwa jana, na pengine mumewe atalivaa shati hilo akitoka. Alijua polisi hawapaswi kusema pengine. Mwanamke akaubana mfuko kifuani. Hakushukuru. Alisema tu kwamba atasubiri, ila safari hii sauti yake ilipanda kidogo mwishoni.

Benjamini aliletwa ofisini, akakalishwa karibu na dirisha. Bakili alimweleza yote taratibu: raiti, lefti, kulia kwa mzee na kulia kwa watu wengine. Akamwambia shitaka la kuua halina tena miguu ya kusimamia. Wilbert alikuwa mezani, karatasi mbele yake, ili fundi atoe maelezo mafupi ya mwisho na kuyatia saini.

Benjamini alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mzee alitaka ule unaolia," alisema.

"Ule unaolia."

Fundi aliigeuza mikono yake mapajani, viganja juu, kisha akaigeuza tena.

"Niliusikia," alisema.

Bakili alidhani amesikia vibaya.

"Wa kushoto. Niliupandisha kwenye jeki, nikaushusha, ukalia. Nikasema moyoni, mbona kama huu ndio mbovu? Pini ninayo moja. Lakini nimeambiwa kulia, na wao ndio wenye ndege, na mara ya mwisho nilipofungua mdomo watoto wangu walilala na uji. Nikaweka nilipoambiwa."

"Hukumwuliza mzee?"

"Nilishasema ndiyo, mzee."

Kalamu ya Wilbert haikuwa imegusa karatasi. Bakili alijua, na aliona kwamba Wilbert naye anajua, maneno hayo yana uzito gani. Kitanzi kilikuwa kimeondoka na hakingerudi. Lakini fundi aliyesikia mguu ukilia akauacha, rubani akafa, huyo naye ana kifungu chake cha sheria, na kifungu hicho kina miaka. Bila maneno hayo Benjamini angelala Magomeni leo.

"Afande," Wilbert alisema polepole, "swali lilikuwa kulia au kushoto, na limekwisha kujibiwa. Haya mengine si lazima yaingie."

Lilikuwa ni pendekezo la mtu aliyetaka kulipa alichoharibu, na Bakili alitamani kulipokea. Dirishani aliiona ile miguu miwili uani, na nyuma yake lango, na Selina amesimama. Alitafuta neno la kumwambia Koplo, ndiyo au hapana, na yote mawili yakamgomea.

Benjamini ndiye aliyelisema.

"Andika, Koplo," alisema. "Wala usinisafishie."

Koplo Wilbert akamtazama mkubwa wake, kisha akainama akaanza kuandika, pole pole, neno kwa neno. Nje, Selina alikuwa amekwisha kulitoa shati kwenye mfuko na alikuwa akilikung'uta mikunjo.